Nikon F4 au Canon EOS-1: ipi ya kubeba ukiwa Arusha au Moshi

Vijana wengi wa hapa Arusha wanaoishi kwa kamera wameanza kuulizia filamu, na swali linalonifikia mara nyingi ni moja: nataka bodi ya kazi, inayofokasi yenyewe, ninunue ipi? Jibu langu huishia kwenye majina mawili, Nikon F4 iliyotoka 1988 na Canon EOS-1 iliyofuata 1989. Hizi ndizo zilizowafanya wapiga picha wa magazeti, wa michezo na wa wanyama waiamini otofokasi. Zilikuwepo nyingine kabla yake. Nikon F3AF ya 1983 ilitengenezewa lenzi mbili tu, na Minolta 9000 ya 1985 ilifokasi yenyewe lakini filamu ukaisogeza kwa kidole gumba kama zamani. Hizo nawaachia wanaokusanya kamera. Mwenye harusi Jumamosi Sakina na safari ya Tarangire Jumatatu anahitaji mojawapo ya hizi mbili.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kama tayari una lenzi za Canon EF, chukua EOS-1. Kama unaanza mikono mitupu, na kazi yako kubwa ni watu, ningekushauri F4. Wa wanyama na michezo ana hesabu yake tofauti, nitaifikia.

Lenzi kwanza, bodi baadaye

Kosa la wanunuzi wengi ni kulinganisha bodi na bodi, kumbe kinachoamua ni lenzi utakayoifunga mbele yake. Nikon walitoa mdomo wao wa F, yaani pale bodi inapoungana na lenzi, mwaka 1959 na wakaung'ang'ania hata otofokasi ilipokuja. Walichofanya ni kuweka mota ndani ya bodi: ukiangalia mdomo wa F4, pembeni chini utaona kijino kidogo cha chuma, mfano wa ncha ya bisibisi, kinachoingia kwenye tundu la lenzi na kuizungusha. Canon walifanya kinyume. Mwaka 1987, pamoja na EOS 650, waliutupa mdomo wao wa FD na kuanza upya na EF, mdomo mpana usio na chuma kinachozunguka wala kusukuma. Bodi na lenzi huongea kwa umeme tu, na kila lenzi ina mota yake. Waliokuwa na mabegi ya lenzi za FD waliumia sana, na walikuwa na haki ya kuumia. Lakini uamuzi ule ndio unaomfaidisha mpiga picha wa Arusha leo.

Maana yake ni hii. Studio nyingi za hapa mjini zilijengwa juu ya Canon za dijitali, na ndani ya makabati yao mna 50mm f/1.8, 24-105 na 70-200 za EF. Zote hizo zinaingia kwenye EOS-1 na kufanya kazi, ingawa bodi ni ya 1989. Zisizoingia ni zile zenye maandishi EF-S, ambazo zilitengenezwa kwa dijitali zenye kihisi kidogo, na zile za RF za kamera mpya zisizo na kioo. Kwa hiyo mwenye studio hanunui chochote zaidi ya bodi na filamu. Akitoka na dijitali begani na EOS-1 mkononi, lenzi moja inahama kutoka huku kwenda kule katikati ya shughuli.

F4 ina utajiri wa aina nyingine, na kwangu mimi ni utajiri mkubwa. Lenzi za AI za mkono, zilizoanza 1977, ukizifunga kwenye F4 unapata hata upimaji wa mwanga wa matriksi, ule unaogawa picha vipande vitano na kuvilinganisha. Bodi nyingi za Nikon za otofokasi zilizofuata hazikubali jambo hilo. Hata lenzi za kabla ya AI zinaingia, kwa sababu kile kikono kinachosoma pete ya apacha (tundu la lenzi linalopitisha mwanga) kinaweza kuinuliwa kisizuie, ingawa hapo utapima mwanga ukiwa umefunga apacha mwenyewe. Lenzi hizi za zamani ni za chuma, zinazunguka laini, na watu wengi wanaziuza kwa sababu hawana kamera ya kuzivalisha. Mzee aliyekuwa mpiga picha wa serikali au wa kanisa miaka ya themanini anaweza kuwa nazo sandukuni. Mwamkie, kaa naye, mwulize kwa adabu kama ana mpango nazo.

Upande wa lenzi mpya F4 ndipo inapobana. Lenzi za Nikon zenye herufi G hazina pete ya apacha, na kwenye F4 zinafanya kazi sawasawa kwenye mfumo wa P, ambako kamera inachagua apacha na spidi, na wa S, ambako wewe unachagua spidi tu, basi. Ukiweka A au M, ambako apacha unaichagua wewe, inafunga mpaka mwisho. VR, ile ya kutuliza mtikisiko, haiwaki kabisa. Lenzi za AF-P hazifokasi. Mwenye Nikon ya dijitali kama D750 au D850 asidhani atabeba kila kitu chake. Zinazoifaa F4 ni AF na AF-D zenye pete, na hizo ni nyingi na nzuri: 50mm f/1.8, 85mm f/1.8, 80-200 f/2.8.

Pundamilia na mistari yake

Hapa ndipo EOS-1 inaposhinda, na inashinda kwa wazi. Kamera zote mbili zina sehemu moja tu ya fokasi, katikati ya kioo. Kihisi cha F4, kinachoitwa AM200, ni mstari mmoja wa seli 200 uliolala. Mstari uliolala unaona vizuri kitu kilichosimama, na kitu kilicholala hukipita. Ukitaka kuona hili kwa macho, mpige pundamilia. Weka kile kisanduku cha katikati kwenye mbavu, ambako mistari imesimama, na F4 itashika papo hapo. Shusha mpaka miguu ya nyuma, ambako mistari imelala, na lenzi itakwenda mbele, itarudi, itakwenda tena. Ukingo wa maji kwenye maziwa ya Momella una tabu hiyohiyo, heroe wakiwa mbali na wamekuwa utepe mmoja wa waridi. Dawa ni kuinamisha kamera kidogo, ufokasi, ufunge fokasi, kisha uinyooshe na kupiga. Inafanya kazi, ila mnyama haitakiwi awe na haraka.

Kihisi cha EOS-1 ni msalaba. Kinasoma mistari iliyosimama na iliyolala kwa pamoja, kwa hiyo miguu ya pundamilia haiisumbui. Ongezea lenzi zenye mota ya USM, ambayo ni ya haraka na karibu haina sauti, na ongezea hesabu yake ya kukisia mnyama anayekuja kwako atakuwa wapi shata, lile pazia linaloachia mwanga ufike kwenye filamu, itakapofunguka, na utaelewa kwa nini lenzi kubwa nyeupe za Canon zilijaa pembeni mwa viwanja miaka ya tisini. Wakati Canon walikuwa na 300mm f/2.8 ya USM tangu 1987, F4 ilitegemea kile kijino cha bodi kuzungusha vioo vizito, na unasikia kabisa inavyohangaika. Nikon walipotoa lenzi zenye mota ndani, AF-I mwaka 1992 na baadaye AF-S, F4 ilizipokea vizuri. Tatizo ni kwamba hizo hazikuwa rahisi kwa bei wakati ule na bado si rahisi.

Jambo jingine la EOS-1 ambalo dereva yeyote wa safari anayepiga picha atalipenda: unaweza kuhamisha kazi ya kufokasi kutoka kitufe cha shata kwenda kitufe cha nyuma, cha kidole gumba. Simba amelala kwenye majani, umemfokasi, unaachia kidole gumba, fokasi inabaki palepale hata jani likipita mbele. Akiinuka unabonyeza tena na kushikilia. Anayejua kutumia hiki hupoteza filamu chache sana.

Kwa mbio, mathalani Kilimanjaro Marathon pale Moshi, wakimbiaji wakikujia uso kwa uso wamejaa barabara nzima, EOS-1 tena. Ila angalia jambo hili kabla hujalipa: bodi yake tupu inapiga fremu 2.5 tu kwa sekunde. Zile 5.5 zinazotajwa zinataka ufunge chini yake Power Drive Booster E1. F4 yenye kishikio cha betri nne hupiga 4, na F4s, yenye kishikio cha betri sita, hupiga 5.7. Muuzaji akikuambia anauza EOS-1 "ya spidi", mwulize booster iko wapi.

Betri

Kwetu huku jambo hili lina uzito ambao wakaguzi wa Ulaya hawaufikirii. F4 inakula betri za AA, zile za saa ya ukutani na tochi. Zikikuishia Mto wa Mbu au Karatu unasimama duka la kwanza barabarani. EOS-1 tupu inataka 2CR5, betri ya lithiamu ya volti 6 yenye umbo lake la pekee, na hiyo muuza duka wa Kilombero atakutazama tu. Lazima uiagize mapema na ubebe ya akiba. Ukifunga booster E1 tatizo linakwisha, kwa kuwa inaendeshwa na AA nane, lakini sasa kamera imekuwa nzito na shingo itakwambia.

Na filamu iliyo ndani? Betri ikikata katikati ya roli, EOS-1 haina njia ya kuirudisha filamu mpaka uipatie umeme. F4 ina mota ya kurudisha na pia ina mkono wa kuzungusha kwa vidole, juu kushoto, kama kamera za zamani. Unabonyeza, unasogeza kikono cha R1, unazungusha taratibu mpaka usikie filamu imeachia. Hata kamera ikiwa imekufa kabisa, picha za bibi harusi zinatoka salama. Mimi jambo hili peke yake linanifanya niiheshimu sana F4.

Mlimani mizani inabadilika. F4 yenye kishikio kidogo ina gramu 1,090 bila betri wala lenzi, F4s ina 1,280, EOS-1 tupu ina 890. Kwa anayepanda mpaka Uhuru, mita 5,895, tofauti hiyo anaisikia Barafu usiku kuliko alivyoisikia getini Machame. Baridi nayo hunyong'onyeza betri za alkalini haraka sana, ilhali lithiamu ya 2CR5 inavumilia zaidi. Kwa hiyo ukiniambia kazi yako ni kupandisha wageni Kilimanjaro na unataka kamera moja ya filamu, nitakwambia EOS-1 tupu, 2CR5 mbili, moja ndani ya koti karibu na mwili. Mwenye F4 afanye vilevile na seti ya pili ya AA.

Kanisani na ukumbini

Chukua F4 mkononi ikiwa imezimwa na utajua kila kitu kilivyo. Spidi iko kwenye gurudumu lake, fidia ya mwanga kwenye lake, ISO kwenye lake, na namna ya kupima mwanga iko kwenye kirungu pembeni mwa kichwa cha kuchungulia. Nyingi zina kitufe cha kufungia, hazizunguki zenyewe ukisukumwa na umati wa akina mama wanaomtunza bibi harusi. Mkono ukizoea, unapanga kamera huku unamtazama mchungaji. EOS-1 ilikuja na mtindo ambao Canon wanautumia mpaka leo: kigurudumu kidogo karibu na shata, kigurudumu kikubwa mgongoni kwa kidole gumba, na skrini ndogo juu. Aliyezoea Canon 5D ya dijitali ataishika EOS-1 na kuanza kazi bila kufundishwa. Aliyetoka kwenye kamera za mkono ataipenda F4. Hapa sioni mshindi.

Kwa ibada F4 ina kitu kizuri: kwenye gurudumu la mota kuna alama ya Cs, inayopunguza kasi ya kusogeza filamu ili sauti ishuke. Kengele ya misa ikilia na watu wamepiga magoti, unaona faida yake.

Nguo nyeupe ya bibi harusi na uso mweusi saa saba mchana, nje ya kanisa, ni mtihani wa kipimo chochote. Matriksi ya F4 ina vipande vitano, EOS-1 ina sita, na zote mbili zinaweza kudanganywa na nguo ikijaa fremu. F4 inajua ukiisimamisha wima, kwa sababu ndani kuna swichi za zebaki zinazohisi mlalo wa kamera, na inapanga vipande vyake upya. Hilo si dogo kwa mtu anayepiga picha za wima siku nzima. Lakini kwa nyuso zetu nawashauri mtumie spoti, upimaji wa sehemu ndogo ya katikati peke yake. Ya EOS-1 ni asilimia 2.3 ya kioo, unaipeleka shavuni kabisa. Pima shavu, funga, panga picha, piga. Kwa filamu ya negativu usiogope kuongeza mwanga kidogo. Kivuli kisichopata mwanga hakirudi, ila mwangaza wa gauni bado unaweza kuuchapa.

Flashi: zote mbili zinakubaliana na flashi kwenye 1/250, na zote zinafika 1/8000 bila flashi. F4 ilitoka pamoja na SB-24, na wawili hao wanapatana vizuri mno kwenye kujaza kivuli cha uso mchana. Canon wana 430EZ. Flashi za Canon za EX za dijitali zinafanya TTL ya kawaida, yaani kamera kupima yenyewe mwanga wa flashi kupitia lenzi, kwenye EOS-1. Nikon SB-700 na SB-900 hazifanyi TTL kwenye kamera za filamu, utazipanga kwa mkono, lakini SB-800 na SB-600 zinafanya.

Filamu yenyewe

Hili halitofautishi kamera hizi, ila lisemwe. Zile mashine za kusafisha picha za saa moja zimezimwa, kwa hiyo nyeusi na nyeupe jifunze kusafisha mwenyewe nyumbani. D-76, dawa ya kusafishia, inataka nyuzi 20, na Arusha asubuhi ya Julai bomba linakukaribisha lenyewe. Moshi, ambako joto ni kubwa zaidi, andaa barafu. Ukipokea filamu kupitia mgeni anayeshuka uwanja wa ndege wa KIA, mwombe aziombee ukaguzi wa mkono huko anakotoka, maana mashine mpya za CT za viwanja vya ndege zinaiharibu filamu ambayo haijasafishwa.

Kabla ya kutoa hela

Zote hizi zimepita miaka thelathini na watengenezaji walishaziacha. Fundi akikutengenezea, spea anainyofoa kwenye bodi nyingine iliyokufa. Kwa hiyo hali ya kamera iliyo mbele yako ina maana kuliko jina lake, na EOS-1 safi ni bora kuliko F4 iliyochoka, hata kwangu mimi ninayeipenda F4.

Kwenye F4 chungulia kwanza. Namba zilizo ndani ya kioo zina ugonjwa unaojulikana: weusi unatambaa kutoka pembeni kama wino uliomwagika na kufunika tarakimu. Ukiwa kidogo utaishi nao, ukiwa mwingi punguza bei au ondoka. Kisha fungua kishikio cha betri, tazama vyuma vyake. Unga wa kijani au mweupe ni dalili kuwa betri zilivujia humo zikaachwa. Vua kichwa cha kuchungulia, kirudishe, uone kama kipimo cha mwanga bado kinafanya kazi.

Kwenye EOS-1 zungusha gurudumu la mgongoni polepole, huku unaangalia skrini ya juu. Kila mgoto mmoja ubadilishe namba moja. Likiruka namba au kurudi nyuma, ndani mna vumbi au limechakaa, na hilo ndilo gurudumu utakalolitumia kutwa. Shika mpira wa kishikio, usiwe unanata.

Kwa zote mbili, fungua mlango wa nyuma bila filamu, vua lenzi, elekeza kwenye anga, piga kwa 1/1000, kisha 1/4000, kisha 1/8000, ukitazama kutoka nyuma. Mwanga umweke sawa dirisha zima. Upande mmoja ukibaki giza, pazia moja limechelewa. Angalia mapazia kama yana doa jeusi la mafuta, lakini usiyaguse kwa kidole wala kuyapuliza kwa mdomo. Funga lenzi, fokasi kitu cha karibu, kisha Mlima Meru au jengo la mbali, mara kadhaa, ukisikiliza kama mota inakwama.

Ukiweza, patana na muuzaji umpe amana, uondoke na kamera na upige roli moja ya bei nafuu. Ukishaisafisha, laza negativu mezani upime kwa macho nafasi kati ya fremu na fremu. Zikiwa sawa kuanzia ya kwanza mpaka ya 36, na hakuna mstari wa mwanga uliopenya mlangoni, mpelekee hela yake iliyobaki.